Pindo Jeupe, Mtaa wa Ngazi

2 Oktoba, Jumatatu

Nimeamua kuuza nyumba. Naandika hapa ili kesho nisijifanye sikusema.

Sababu ni dada yangu Amparo. Tangu alipovunjika nyonga wakati wa Pasaka hajakanyaga nje. Nyumba yetu iko juu kabisa ya Mtaa wa Ngazi, mahali ambapo hata kijana mzima husimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Ili Amparo atoke inabidi abebwe kwenye kiti na wanaume wanne. Alibebwa mara moja kwenda hospitali, na aliporudi akaapa kwamba habebwi tena kama sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano.

Chini kabisa, karibu na uwanja wa kanisa, Mzee Eusebio kinyozi anauza kijumba chake kisicho na ngazi hata moja. Ukifungua mlango uko barabarani. Amekubali kunisubiri mpaka mwisho wa Novemba nipate mtu wa kununua yetu.

"Zaidi ya hapo, Rubiela, namuuzia yeyote atakayebisha hodi, hata akiwa shetani."

Nikamwambia shetani hawezi kuvumilia kuishi karibu hivyo na padri. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Amparo nilipomweleza aligeukia ukutani.

5 Oktoba, Alhamisi

Mvua. Amparo hasemi nami.

8 Oktoba, Jumapili

Amekuja Wilmar, mtoto wa kaka yetu, yule anayefanya kazi ya kuuza nyumba za watu huko Medellín. Alisimama ng'ambo ya mtaa na mwavuli wake, kichwa upande, akaitazama nyumba kama daktari anayetafuta maneno ya kumwambia mgonjwa.

"Shangazi, watu hununua kwa macho. Kinachouza nyumba ni uso, na huu uso umezeeka."

"Na wangu?"

"Wako hatuuzi, shangazi."

Akataka roshani ipakwe rangi, vigae vilivyovunjika vibadilishwe, vyungu vya maua vitundikwe dirishani. Hayo yote niliyakubali. Halafu akaonyesha chini kwa kidole na kusema nyumbu lazima waondoke.

Hapa kwetu kila nyumba ina pindo. Ni ule mkanda wa chini wa ukuta wa mbele, unaofinyangwa kwa saruji na kutiwa rangi, na ndio unaomwambia mpita njia nani anaishi humo. Mwokaji ana mikate yake, mshonaji ana cherehani. Sisi tuna nyumbu watatu, kwa sababu baba alishusha kahawa kutoka milimani kwa nyumbu, wale wazao wa punda na farasi, maisha yake yote. Sasa mvua imewala. Mmoja hana masikio, wa pili tumbo limepasuka, wa tatu amebaki miguu.

"Mtu wa mjini akiona wanyama wagonjwa atadhani na nyumba inaumwa," Wilmar akasema. "Weka alizeti. Alizeti zinauza."

Kutoka ndani, kupitia dirisha lililo wazi, ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jumatatu.

"Mwambie na paa linavuja, Wilmar! Hizo alizeti zitaziba paa?"

Wilmar akapiga picha kila mahali isipokuwa jikoni. Jiko letu ni la kuni, ukubwa wake ni wa kulisha waendesha nyumbu kumi na wawili, na masizi yake yameshika dari tangu enzi za bibi. Alichungulia akafunga mlango.

"Humu usimwingize mtu. Sema ufunguo umepotea."

12 Oktoba, Alhamisi

Nimepaka mlango rangi ya kijani. Mvua ikaja kabla haijakauka. Sasa ngazi nazo ni za kijani.

13 Oktoba, Ijumaa

Nimeupaka tena. Bi Berenice, jirani wa mbele ambaye macho yake hayajui likizo, alisimama kunitazama mpaka nikamaliza.

"Shoga, unaolewa?"

"Nauza nyumba."

"Afadhali ungeolewa," akasema, akaingia ndani kwake.

17 Oktoba, Jumanne

Wateja wa kwanza: mume na mke kutoka mjini, viatu vyeupe. Walipofika juu hawakuweza kusema kwa muda. Walipoweza, walisifu roshani, wakasifu maua, wakasema mandhari ni ya kupendeza. Mke alikuwa ameshaanza kupanga kitanda chake kitakaa wapi.

"Kitanda usikiweke upande huo!" Amparo akapaza sauti kutoka chumbani kwake. "Hapo ndipo maji yanapodondokea!"

Wakatazama dari, wakashuka.

Sikumwambia kitu. Nilimpelekea chakula chake, nikakiweka mezani kwa kishindo kidogo tu.

20 Oktoba, Ijumaa

Mvua. Nimelipa fundi wa vigae. Paa halivuji tena. Nimemwambia Amparo, akasema litavuja kwingine.

25 Oktoba, Jumatano

Leo nimegombana na dada yangu kama hatujawahi kugombana tangu tulipokuwa wasichana.

Alikuja mteja wa pili, mzee mmoja mpole, mstaafu wa posta, mwenye mfuko wa kutosha na mapafu ya kutosha. Aliipenda nyumba. Nilimwonyesha kila chumba isipokuwa jikoni, na ufunguo wa jikoni nilikuwa nao mfukoni unanichoma. Tulipofika chumba cha Amparo alimwamkia kwa heshima, akamuuliza kama ameishi hapa muda mrefu.

"Tangu nizaliwe," Amparo akajibu. "Na sijatoka tangu Pasaka. Ngazi hizi ukivunjika mguu zinakufungia ndani. Wewe una miaka mingapi?"

Yule mzee akaanza kuhesabu kimoyomoyo, nikamwona usoni. Alinishukuru, akashuka polepole huku ameshika ukuta.

Nilirudi chumbani. Nilimwambia ana roho mbaya. Nilimwambia mimi ndiye ninayepanda na kushuka na gesi, na sabuni, na dawa zake, na magoti yangu nayo si ya chuma. Nilimwambia amekula njama na mvua na nyonga yake ili sote wawili tufie juu huku.

"Mimi sikukuomba uuze," akasema.

"Nauza kwa ajili yako!"

"Ndiyo hilo. Mpaka nakufa utakuwa unaniambia uliuza kwa ajili yangu."

Nikatoka nikaenda kufua nguo zilizokwisha fuliwa. Naandika haya bado nina hasira. Ninajiuliza kama dada yangu amekuwa mtu wa chuki, au alikuwa hivyo siku zote na mimi sikuona kwa sababu alikuwa na shughuli nyingi nje.

31 Oktoba, Jumanne

Libardo, fundi wa mapindo, amekuja na tindo lake kuwaondoa nyumbu. Nilimwambia aanze na yule wa miguu tu, nizoee. Nilipomwona yule wa kwanza anaanguka vipande nililia, jambo ambalo sikulitarajia, maana nimewapita wanyama hao kila siku bila kuwatazama.

"Wameshakufa?" Amparo akauliza kutoka ndani, tindo liliponyamaza.

"Wote watatu."

"Basi futa kamasi. Walikuwa wazee."

Hilo ni neno zuri la kwanza kati yetu kwa wiki nzima, na nililipokea.

3 Novemba, Ijumaa

Libardo amepiga lipu, alizeti zingefuata kesho. Lakini binti yake huko San Rafael amejifungua kabla ya siku zake, na mzee amepanda basi. Wiki moja, amesema, labda mbili. Ameniachia ukuta wenye mabaka kama mbwa mwenye upele, na Wilmar ananiletea mteja wa tatu Jumatatu asubuhi.

5 Novemba, Jumapili

Mvua imepumzika. Nimelipaka pindo lote chokaa nyeupe kwa mkono wangu mwenyewe. Linaonekana mpaka chini kanisani. Nimejipongeza kwa kikombe cha chokoleti ya moto.

6 Novemba, Jumatatu

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa sebuleni kwenye jiko la gesi natia kahawa kwenye chujio, maana jikoni nilikuwa nimeshapafunga kwa ajili ya mteja. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, moja moja, ile ya msiba. Nikajifanyia ishara ya msalaba na kujiuliza nani tena. Amparo naye akauliza kutoka chumbani, "Nani kafa?" Nikamjibu sijui, nitauliza nikishuka kununua maziwa.

Mlango ukagongwa. Bi Berenice, shali nyeusi kichwani, macho mekundu, kuku kwapani.

Akanikumbatia, kuku naye katikati.

"Rubiela, mwanangu, pole. Pole sana. Ameondoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Dada yako, jamani! Nami sikusikia hata kilio, niko hapo mbele tu! Alisema neno lolote?"

Ndipo nilipokumbuka. Kila mtoto wa mji huu anajua: nyumba ikifiwa, pindo hupakwa chokaa nyeupe, na hubaki jeupe mpaka zile siku tisa za sala ziishe. Mimi nilizaliwa hapa. Nililipaka la baba kwa mikono hii hii, na la mama. Lakini mwezi mzima nilikuwa naitazama nyumba yangu kwa macho ya watu wenye viatu vyeupe, na jana nilipochovya brashi sikuwaza msiba, niliwaza usafi. Watu wakatoka misa ya alfajiri, wakainua vichwa, wakaona. Na Amparo hawajamwona dirishani tangu mvua ianze. Na huu ni mwezi wa marehemu.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka chumbani.

"Nani huyo ananizika kabla sijanywa kahawa?"

Bi Berenice akapiga ukelele, kuku akamponyoka, akaingia sebuleni. Nilitazama chini ya mtaa na kuona miavuli. Ngazi zote zilikuwa na watu: wanawake wa kwaya, mke wa mwokaji na kikapu, wawili wa chama cha rozari wamebeba gunia la viazi na mihogo, mtu na mzigo wa kuni kichwani. Nilisimama mlangoni nikawa napaza sauti, "Hajafa! Nimekosea rangi! Hajafa!" Wale wa mbele wakasikia, lakini wa nyuma waliendelea kusukuma.

Sasa, mtu aliyepanda Mtaa wa Ngazi na gunia la viazi huwezi kumwambia ashuke nalo. Na wanawake wa kwetu wakiingia nyumba yenye msiba hawaulizi, huenda moja kwa moja jikoni. Nilipokimbilia huko nikakuta mlango umeshafunguliwa kwa bega la mtu, madirisha yako wazi, moto unawaka, na mwanamke nisiyemjua anapuliza makaa huku amepiga magoti.

"Samahani, mama," akasema. "Mimi naitwa Noralba, niko kule kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Marehemu sikumfahamu, ila nimeambiwa alikuwa mtu wa watu."

"Marehemu yuko hai," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama sufuria. "Basi atakula," akasema, akaendelea kupuliza.

Na Amparo? Amparo aliyekataa hata kusogea dirishani alikuja mwenyewe. Nilisikia kile kiegemeo chake cha miguu minne kinagonga sakafu ya ukumbini, tok, tok, nikadhani ataanguka, nikataka kukimbia kumshika, akanitazama nikaacha. Nywele hajachana, gauni la kulalia, shali ya mama begani. Alijikokota mpaka mlango wa jikoni, akaketi kwenye kiti walichomsogezea kwa haraka.

"Endeleeni," akasema. "Mlikuwa mnasema nini juu yangu? Nataka kusikia yote, mabaya kwanza."

Kicheko kilichotoka hapo kilimtisha kuku kwa mara ya pili. Wakaanza. Mke wa mwokaji akasema dada yangu alikuwa mwanamke pekee aliyeweza kurudisha mkate kwa sababu umechomwa upande mmoja, na tangu afungiwe ndani mwokaji ameanza kuchoma mikate bila woga. Mmoja wa kwaya akasema sauti ya pili imekufa, kwani Amparo alikuwa anaimba vibaya lakini kwa nguvu, na wote walijificha nyuma yake. Bi Berenice akalia kweli kweli. "Nilikuwa nadhani hutaki kutuona," akamwambia. "Kila nikibisha hodi, Rubiela anasema umelala."

Hilo ni kweli. Nilikuwa nasema hivyo kwa sababu Amparo ndiye aliyenituma niseme.

Katikati ya hayo ndipo alipofika mteja wa Wilmar. Aliona shali nyeusi mlangoni, akasikia kengele ambayo mpigaji alikuwa bado hajaambiwa aache, akavua kofia, akanipa mkono wa pole na kushuka ngazi. Sikumwita. Mikono yangu ilikuwa na unga.

Tulikula supu ya kuku wa Bi Berenice, kuku wa msiba wa dada yangu, na Amparo akaomba sahani ya pili. Wakati wa kuosha vyombo, Noralba alikuwa bado anatazama juu, kwenye masizi.

"Hili dari linavuta moshi vizuri," akasema. "Mimi napika arepa, mikate ya mahindi, za kuuza sokoni. Pale nilipopanga, mwenye nyumba hataki moshi, nawasha jiko uani chini ya turubai, mvua inanizimia. Humu ningeweza kuweka vikaango sita." Halafu kwa sauti ya chini, "Ni kweli nyumba hii inauzwa?"

Nikajiona nasema ukweli, pengine kwa sababu nilikuwa nimechoka. "Inauzwa. Ngazi ni nyingi, paa lilikuwa linavuja."

"Ngazi nimezoea. Napanda na gunia la mahindi." 

7 Novemba, Jumanne

Mvua imerudi. Nimepaka pindo rangi ya kijani iliyobaki, mbio mbio, kabla padri hajaja kuanza zile sala za siku tisa.

Asubuhi Amparo aliniita nikae kitandani kwake. Alisema alikuwa anaogopa. Kijumba cha Mzee Eusebio kinatazama uwanja, na yeye aliona haya watu wamwone anatembea kama mbuzi aliyezaliwa leo. Huku juu angalau haonwi na mtu. Ndiyo maana aliwafukuza wateja.

"Sasa wameniona na gauni la kulalia na nywele kama fagio," akasema. "Limeshatokea. Hakuna cha kuficha tena."

Nilimwambia ningejua mapema ningepaka chokaa mwezi wa tano. Tukacheka mpaka nyonga ikamuuma. Mimi niliyemwona mtu wa chuki, kumbe nilikuwa naishi na mtu mwenye hofu. Nimeona aibu, na nimepumua.

11 Novemba, Jumamosi

Noralba amekuja na mume wake. Mume alitaka kuanza na roshani. Noralba akamshika mkono akampeleka jikoni. Walikaa humo muda mrefu. Wilmar akapiga simu kuuliza kama alizeti zimeanza kuleta watu, nikamwambia ndiyo, ili nisianze kueleza.

18 Novemba, Jumamosi

Wanataka. Chama chao cha akiba bado hakijajibu. Mvua.

22 Novemba, Jumatano

Bado. Mzee Eusebio ameonekana akimwonyesha mtu mwingine dirisha lake. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake.

"Mwezi haujaisha, mzee."

"Namwonyesha tu, Rubiela. Kuonyesha si kuuza."

Sikula chakula cha jioni. Amparo alikula chake, akala na changu. Anajifunza kuteremka kizingiti cha uani, anakwenda na kurudi huku anatukana.

27 Novemba, Jumatatu

Chama kimekubali! Noralba alipanda ngazi zote mbio, akashindwa kusema, akawa anatikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, na mimi nilielewa kinyume nikaanza kulia kabla ya wakati.

29 Novemba, Jumatano

Tumetia saini, sisi na wao, na Mzee Eusebio nasi, asubuhi moja. Nilitoka pale miguu myepesi. Nilisimama kwenye mvua bila mwavuli.

2 Desemba, Jumamosi

Tumehama. Mtaa mzima ulijipanga kwenye ngazi, vitu vikapita mkono kwa mkono: vyungu, magodoro, picha ya wazazi, kabati ambalo halikutaka. Amparo alibebwa kwenye kiti mara ya mwisho, na safari hii alipunga mkono kulia na kushoto kama sanamu hasa. Jikoni kwetu tayari kulikuwa na vikaango vya Noralba. Sikuona uchungu niliotarajia.

5 Desemba, Jumanne

Pindo la kijumba hiki bado lina mikasi ya Mzee Eusebio. Leo wamebisha hodi wanaume watatu wanaotaka kunyolewa. Wa tatu Amparo alikuwa anamfunga taulo shingoni nilipoingia.

7 Desemba, Alhamisi

Usiku wa mishumaa, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria. Tumeiwasha barabarani mbele ya mlango wetu wenyewe. Amparo aliketi nje mpaka yote ikaisha.

12 Desemba, Jumanne

Nimerudi kutoka kununua maziwa nikakuta mlango wazi. Kiti chake kitupu, kiegemeo hakipo. Nimeita. Nimetazama uani, chooni, hata nyuma ya pazia, kana kwamba mwanamke wa miaka sitini na nane angejificha. Nikatoka barabarani na aproni.

Muuza maandazi wa pembeni akacheka kuniona.

"Unamtafuta Bi Amparo? Kapita zamani. Kaniambia nikuambie usimtafute."

"Kaenda wapi?"

"Nilimuuliza. Kasema hayanihusu."

Nimerudi ndani. Nimepika maharage, nimeandaa sahani mbili. Kengele ya mchana imelia na hajarudi. Maharage yamepoa, nimeyapasha, yamepoa tena. Nje mvua imekatika na watu wanapita, kila anayepita natazama kama ni yeye.

Dada yangu, ambaye tangu Pasaka hakutaka kukanyaga nje, hayupo nyumbani. Sijui yuko wapi, na hakuaga.